Risasi za bei nafuu za kufanyia mazoezi ya bastola, nipo Mwanza

Mchuuzi_wa_Mabondo aliandika:

Mwangaluka wakuu.

Mimi nanunua mabondo ya sangara. Kwa wasiojua, bondo ni lile puto la hewa tumboni mwa samaki. Likishakaushwa linasafiri hadi China kwa bei ambayo minofu haiioni hata kwa mbali. Asubuhi naanzia Kirumba mwaloni, siku nyingine Igombe au Kayenze, na mara mbili kwa mwezi navuka kwenda Ukerewe. Pesa taslimu naitembeza mwenyewe kwenye begi la mgongoni. Ndiyo maana huu mwaka wa nne namiliki bastola, leseni ipo, polisi wananijua.

Sasa aibu yangu. Jumamosi nimekwenda kulenga shabaha kwa mara ya kwanza tangu nipewe kibali. Naam, miaka minne. Nikapakia risasi kumi, zilezile nilizonunua siku ya kwanza. Mbili zikagoma: klik, kimya. Nane zikatoka, na karatasi ikapata matundu matatu, tena kwa hatua kumi tu. Mwalimu akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akaniuliza kama huwa nafumba macho. Kweli nilikuwa nafumba.

Nimeamua nifanye mazoezi kila mwezi, lakini nikipiga hizi ninazobebea mtaji utaishia ukutani. Bastola ni 9 mm, kwenye mtutu imeandikwa 9x19. Nichukue risasi zipi za bei ya chini ambazo hazitaniharibia chombo? Na zile mbili zilizogoma, kosa ni la dukani au langu? Maana nilikuwa nazitunza vizuri tu, kila mwisho wa mwezi nazifuta na mafuta ya cherehani zisishike kutu.

Kijana_wa_Igoma aliandika:

Mafuta ya cherehani 😂😂 Mkuu ulikuwa unashona risasi? Ngoja wazee waje, nimekaa hapa.

Mzee_wa_Shabaha aliandika:

Kijana wangu wa mabondo, nimefundisha watu kulenga kwa miaka mingi kabla sijastaafu. Sasa nipo Buswelu nafuga kuku.

Naanza na zile mbili, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe. Igeuze risasi utazame kitako chake. Katikati kuna kiduara kidogo: hiyo ndiyo fataki, ndiyo inayowasha baruti. Mafuta mepesi yanapenya pembeni ya hicho kiduara, yanaingia ndani na kuiua fataki taratibu. Duka halina kosa. Risasi hufutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Na wewe unayevuka ziwa na begi kila mara, ungehangaika zaidi na unyevu: kikopo chenye mfuniko unaobana kingekufaa kuliko mafuta.

Halafu ikigoma tena, usiifungue palepale. Ielekeze mbele, hesabu mpaka thelathini, ndipo uitoe. Kuna fataki zinazochelewa.

Tuje kwenye bei. Unachotaka kinaitwa FMJ: risasi yenye kiini cha madini ya risasi (lead) kilichovikwa koti zima la shaba, ncha ya mviringo. Haina mbwembwe, ndiyo maana ni nafuu. Zile zenye shimo kwenye ncha ni za kubebea, huwa ghali, na ndizo nyingi huuzwa kwenye boksi dogo la 20 au 25. FMJ huja 50 kwa boksi. Kwa hiyo usilinganishe boksi na boksi. Gawa bei kwa idadi, ongeza na nauli yako ya kwenda kuzifuata.

Juu ya boksi utaona 115 au 124. Ni uzito wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha greni: 115 ni kama gramu saba na nusu, 124 ni gramu nane. Ya 115 kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini zaidi. Lakini bastola nazo zina tabia zao, kuna zenye springi ngumu ambazo hizo nyepesi hazirudishi slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga) vizuri, ganda linabanwa mlangoni. Nunua boksi moja kwanza, lipige lote. Ikizimaliza zote 50 bila kukwama, ndipo uchukue mengi kadiri leseni yako inavyoruhusu. Nimeona mtu kanunua mzigo wa punguzo, bastola yake ikazikataa, akabaki anazitazama.

Majina yasikuchanganye. 9x19, 9 mm Luger na 9 mm Para ni kitu kimoja; Mwaustria Georg Luger ndiye aliyeibuni zaidi ya miaka 120 iliyopita. Ila 9x18, ile ya Makarov, ni nyingine kabisa, na kichwa chake ni kinene kidogo kuliko chako. 9x17 nayo ni nyingine. Neno "9 mm" peke yake halitoshi. Soma maandishi ya mtutu, kisha kitako cha risasi, vifanane.

Sasa hapa naomba unisikilize, wewe mtu wa ziwani. Utakutana na risasi za zamani za kijeshi za bei ya kutupa. Baadhi fataki zake zina kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu, na hapa kwetu unyevu upo mpaka kwenye godoro. Ukilala bila kuosha, kesho mtutu umeota wekundu. Na mafuta hayayeyushi chumvi! Ni maji ya moto yenye sabuni, unakausha, ndipo mafuta. Ukishapiga hesabu ya mtutu mpya, zile risasi si za bei rahisi tena.

Za ganda la chuma zipo pia, ni nafuu, nyingi hazina shida kwenye bastola nzima. Ukitaka kuzijua, tumia sumaku ya spika mbovu: ganda la shaba halishiki. Uliza kwanza uwanjani kwako, kuna wanaozikataa.

Za mfukoni, za "nina jamaa yangu", achana nazo. Dukani kwenye leseni tu.

Swali moja: jioni ukifika nyumbani bastola unaifanyaje?

Mchuuzi_wa_Mabondo aliandika:

Shikamoo mzee. Mafuta nimeyaacha leo leo.

Jioni natoa magazini, naivuta ile risasi iliyo kwenye chemba (pale inapokaa tayari kupigwa), nalala. Asubuhi nairudisha juu, nakoki, natoka. Kila siku.

Mzee_wa_Shabaha aliandika:

Marahaba. Nilijua tu.

Ile ya juu ni ileile kila siku, sivyo? Kila ukikoki, pua yake inagongwa inapoingia. Ikigongwa mara nyingi, kichwa kinazama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, presha inapanda, na siku ukiipiga inaweza kukupasukia mkononi. Isimamishe mezani kando ya mpya uziangalie kwa usawa wa jicho.

Mama_Wakala_Nyakato aliandika:

Kaka, pole na ile karatasi. Mimi nina duka la miamala ya jumla, namiliki kwa sababu kama zako, na nilikuwa nafumba macho kuliko wewe.

Kilichoniponya hakikunigharimu risasi hata moja. Usiku watoto wakishalala, naacha risasi zote chumbani, nakwenda sebuleni na bastola tupu. Naangalia chemba, naingiza kidole, naangalia tena. Naweka risasi bandia za plastiki, naelekea ukuta wa tofali ambao nyuma yake hakuna mtu. Kisha naweka sarafu ya mia mbili juu ya slaidi, karibu na ncha, nabonyeza triga. Sarafu ikidondoka, nimevuta kwa pupa. Wiki ya kwanza iliruka mpaka chini ya kabati. Sasa nafikisha ishirini bila kudondoka, na uwanjani boksi moja la 50 nalitumia kwa siku mbili.

Ukitoka kulenga nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, na usimbebe mtoto na shati lilelile. Ni sumu ya yale madini ya risasi (lead).

Mzee_wa_Shabaha aliandika:

Mama huyu angenifaa kama msaidizi enzi zile. Naongeza: kubonyeza tupu ni sawa kwa bastola nyingi za kisasa za 9 mm. Bastola za risasi ndogo ya .22 usizifanyie hivyo, pini yake inagonga ukingo wa chemba.

Na ukiwa uwanjani, mlio ukisikika dhaifu, kama kizibo cha chupa, simama. Usipige nyingine. Huenda kichwa kimekwama mtutuni.

Mchuuzi_wa_Mabondo aliandika:

Wakuu, mrejesho. Nimesimamisha ile ya juu na mwenzake juu ya meza ya kupimia mabondo, nikachuchumaa. Ya juu ni fupi kwa kama unene wa ukucha. Pua yake ina mikwaruzo kama kiatu cha mtoto wa shule. Miaka minne nimetembea na hiyo ikiwa ya kwanza kutoka.

Nimeitenga pamoja na zile mbili zilizogoma, kesho nazirudisha dukani kwa maandishi. Boksi moja la FMJ, 115, ganda la shaba, nimeagiza. Sarafu imedondoka mara kumi na nne usiku wa jana, mke wangu ndiye aliyehesabu.

Kijana_wa_Igoma aliandika:

Mkuu tukiacha hayo ya risasi, bondo kavu la sangara mkubwa unalichukua bei gani wiki hii? Shemeji yangu analo hapa Kayenze, na anasema hatoi kwa mkopo.