Mrejesho: Mkongojo wa mama na goti lake la kulia

Niliuliza kwa nini mama, ambaye goti lake la kulia limedhoofika, aliendelea kuyumba na kulalamikia bega hata baada ya kupata mkongojo. Nawashukuru walionijibu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, kwani nilimwambia aushike kwa mkono wa kulia, upande ule ule wa goti bovu, ilhali unapaswa kushikwa kwa mkono wa upande mzima na kwenda mbele pamoja na mguu mgonjwa ili uupunguzie uzito. La pili lilikuwa urefu. Tulimsimamisha wima akiwa na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia, na mpini ukaonekana kukipita kifundo cha mkono kwa karibu sentimita 5, jambo lililomlazimu kupandisha bega kwa kila hatua. Tulipoushusha matundu mawili hadi usawa wa kifundo, kiwiko kikabaki kimepinda kidogo tu, na baada ya wiki moja hakulitaja bega tena.

Kwenye ngazi hupanda akitanguliza mguu mzima, na hushuka akitanguliza mkongojo na mguu mgonjwa, mkono mwingine ukiwa umeshika reli. Aliyenishauri nigeuze mkongojo nitazame mpira wa kwenye ncha ana haki ya kunicheka: mistari yake ilikuwa imekwisha, laini kama sarafu kuukuu. Nimeubadilisha. Fremu ya kutembelea yenye magurudumu, badala ya mkongojo, bado anaikataa, nami kwa sasa simlazimishi.