Naomba ushauri: masta ya saikolojia ya binadamu na mitambo, tasnifu au mafunzo kazini?

Wakuu, habari zenu. Naulizia masta hii kwa vyuo vya Marekani, fani inayochunguza kwa nini rubani mzoefu anavuta swichi siyo. Programu nyingi zinataka krediti 30 hadi 36: takwimu, mbinu za utafiti, utambuzi (jinsi akili inavyofikiri na kuamua), halafu tasnifu au mafunzo kazini. Tasnifu hukwamia kwenye kibali cha kamati ya maadili. Bila hicho huruhusiwi kukusanya data hata ya mtu mmoja. Mafunzo nayo, kwa mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni), kwa kawaida husubiri mwaka mzima wa masomo. Kwa anayelenga usalama wa anga, si PhD, waajiri wanathamini kipi zaidi? Na mwenye digrii isiyo na takwimu, anapokelewa kwa masharti au aisome kwanza?