Shule ya serikali Ilala: ya Kiswahili ya mtaani au Olympio/Diamond? Naombeni ushauri

Mama Tunu
Wakuu habari za saa hizi. Mwezi wa 12 tunahamia Dar kutoka Morogoro, mume wangu kahamishwa kikazi, na mtoto lazima nimpatie shule kabla ya Januari. Praiveti kwa sasa hatuwezi. Nimebaki na mawili, shule ya msingi ya serikali ya mtaani hapo tutakapokaa ambayo ni ya Kiswahili, au zile za serikali za Kiingereza za Upanga, Olympio au Diamond, ambazo ada ipo ila si kama ya praiveti. Nimeingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani) nimeangalia matokeo ya la saba, ile ya mtaani iko daraja C. Hiyo C ni ya kuogopa? Naombeni mwenye uzoefu.

Kisima
Dada mbona umeacha ya muhimu? Mtaa gani? Mtoto anaingia la ngapi? Alikotoka alikuwa anasoma kwa lugha gani? Bila hayo tutakujibu hewa.

Mama Tunu
Samahani jamani. Tabata Segerea. Anaingia la tatu, amesoma Kiswahili tangu awali.

Nyota ya Upanga
Mpeleke Kiingereza mama usifikirie mara mbili. Sekondari yote ni Kiingereza, wa shule za Kiswahili wakifika form one wanapata shida sana, mwalimu anaongea na mtoto anakodoa macho tu. Wangu wote wawili wamepita inglishi midiamu ya serikali na hawakuhangaika.

Kisima
Ila anaingia la tatu na hajawahi kufundishwa hesabu kwa Kiingereza, wanaweza kumrudisha darasa. Ulizia hilo kwanza kabla hujaulizia ada.

Mwalimu Mstaafu
Mama Tunu, nimefundisha shule za msingi miaka 31, nikwambie kuhusu hiyo C. Mtihani una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. C inaanzia 121 inaishia 180, kwa hiyo shule yenye wastani wa 125 na yenye 178 zote zinaitwa C na ni mbingu na ardhi. Angalia namba yenyewe, achana na herufi. Halafu angalia waliofanya mtihani walikuwa wangapi. Watoto 40 wa wazazi wenye uwezo, wamekunywa chai nyumbani na jioni wana tuisheni, usiwalinganishe na watoto 300 ambao nusu yao wametoka nyumbani na njaa. Wastani unakuonyesha sana nani kaingia getini, na kidogo sana mwalimu kafanya nini. Kuna shule nazijua zina wastani wa kawaida tu lakini ticha wa la kwanza pale anamtoa mtoto asiyejua kushika penseli mpaka anasoma gazeti. Jedwali halikuonyeshi hilo.

Mama K wa Kinyerezi
Mwalimu umesema kweli tupu, ngoja nieleze yaliyonikuta. Shule siitaji jina. Nilivutiwa na wastani, ulikuwa juu kuliko zote za jirani, nikapambana mpaka nikapata nafasi. Mtoto la pili, daftari limejaa vema nyekundu ukurasa kwa ukurasa, mwandiko mzuri, nikawa namsifia kwa majirani. Siku moja shangazi yake akamwandikia kwenye karatasi "kuku anakula mtama" akamwambia soma. Mtoto akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaanza kulia. Kumbe ananakili ubaoni kama anachora picha, hajui hata silabi! Darasani wako zaidi ya mia, yeye anakaa nyuma, na mwalimu ni mmoja, simlaumu hata kidogo maana kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Alipofika la nne ndio nikaelewa wastani unatoka wapi. Mzazi wa mtoto mzito anaitwa ofisini anaambiwa arudie darasa au atafutiwe shule nyingine. Mimi niliitwa mwezi wa 8. Waliofanya mtihani wa la nne walikuwa wengi, la saba wamebaki kiduchu. Mama, fungua NECTA la nne la 2021 na la saba la 2024, ni watoto walewale, linganisha idadi. Ikipungua sana uliza wamekwenda wapi.

Mama Tunu
Pole sana dada, nimesoma mpaka nimesisimka. Sasa hivi anasoma?

Mama K wa Kinyerezi
Anasoma. Nilimhamishia shule ya karibu ya kawaida kabisa, mwalimu mmoja mama mtu mzima alikuwa anabaki naye nusu saa kila siku kwa hiari yake. Mungu ambariki.

Bomani
Wingi wa watoto ulikuja na elimu bila ada 2016, na ruzuku ya serikali kwa shule ni sh 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, utafanyia nini hiyo? Ndio maana michango ya uji na mlinzi haiishi.

Nyota ya Upanga
Michango ni ya hiari, na mzazi asiyechanga ndiye wa kwanza kulalamika shule mbovu.

Bomani
Hiari gani wakati jina la mtoto linasomwa mstarini? Hilo linaniuma mpaka leo.

Mtoto wa Gerezani
Mi nimesoma shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko. Kwetu wasioona tulikuwa nao darasa moja, mwalimu akisoma imla unasikia mashine ya nukta nundu inagonga ta ta ta nyuma yako, jirani yangu alikuwa ananipita hesabu kila mtihani. Nani anakaa na mtoto wako darasani, hilo nalo ni shule.

Kisima
Tusisahau umbali. Segerea mpaka Upanga mtoto wa miaka minane anaamka saa 10 usiku, na konda akiona sare anafunga mlango.

Mwalimu Mstaafu
Mama, nenda hiyo ya mtaani siku ya kazi saa nne asubuhi, omba kuona la tatu, hesabu madawati na watoto.

Mama Tunu
Nakuja Dar tarehe 14, nitaenda. Olympio nitapiga simu kuulizia la tatu wana nafasi. Kuna mwenye mtoto Segerea hapo anayejua gari ya shule inayoaminika?

Bomani
Gari ya shule usinikumbushe, wanapakia watoto kama dagaa. Anzisha uzi wake tuongee.