Mafundi wamelimaliza Peugeot 504 la marehemu baba, kumbe ugonjwa ulikuwa kaboni ya feni!

Wakuu, nimekaa na hasira hii wiki tatu. Leo naimwaga yote hapa, atakayeona ndefu anisamehe.

Gari ni Peugeot 504 la mwaka 1978, petroli, injini ya cc 1971. Baba alilitunza mpaka anafariki, na akaniachia likiwa linawaka kwa ufunguo wa kwanza. Mwaka jana mwishoni likaanza kuchemsha. Nikiwa kwenye foleni ya Ubungo kuelekea Kimara, mshale wa joto unapanda mpaka karibu na nyekundu. Nikishavuka Kibaha barabara ikafunguka, natembea 80 mpaka Chalinze, mshale unarudi wenyewe katikati na kutulia. Lilifanya hivyo hivyo kila siku.

Naomba mlisome tena hilo, maana jibu lote lilikuwa hapo. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likitembea, upepo wa mwendo ndio unaliokoa. Rejeta inapitisha maji, wota pampu inasukuma, kinachokosekana ni upepo wa feni basi. Lingekuwa linapoa kwenye foleni halafu linachemka ukilikimbiza, hapo ndipo ungefikiria rejeta iliyoziba, mpira wa chini wa rejeta unaobonyea ukivuta resi, au taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, iliyochelewa.

Nililipeleka gereji moja hapa Dar. Jina silitaji. Fundi hakuuliza linachemsha wapi wala saa ngapi. Alifungua boneti, akagusa rejeta, akasema, "Bosi, hii rejeta imekufa, na pampu nayo tubadilishe." Rejeta ya mtumba 280,000, pampu 150,000, ufundi 100,000. Themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, akaing'oa akaitupa, eti kwa joto la Dar haina kazi. Mfuniko wa rejeta akafunga wa gari jingine, haukazi vizuri. Kisha akajaza maji ya bomba na kuniaga.

Kwenye 504 feni inakaa pale pale mbele ya wota pampu, kwenye puli yake. Sio feni ya kuzunguka muda wote. Ndani ya puli kuna sumaku ya umeme: maji yakipata moto, swichi iliyo kwenye mfumo wa maji inapeleka umeme, umeme unapita kwenye kipande cha kaboni kinachosugua puli, sumaku inavuta, feni inaanza kuzunguka na injini. Maji yakipoa inaachia. Ni ubunifu mzuri wa Wafaransa, unaokoa mafuta na nguvu. Fundi aliyebadilisha pampu hana njia ya kuikwepa feni hiyo. Aliifungua kwa mikono yake, akaishika, akaifunga tena. Kaboni iliyokwisha ilikuwa mbele ya macho yake na hakuiangalia!

Niliporudi kulalamika kwamba bado linachemsha, nikaambiwa, "Gari la zamani hilo bosi, lazima lichemshe. Uza, chukua IST." Maneno hayo yaliniuma kuliko pesa. Gari aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1975, dereva akiwa Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya V6. Matope na vumbi la Kenya siku kadhaa mfululizo, na injini zikarudi nzima. Kwa jirani zetu hao hao 504 ziliendelea kuunganishwa mpaka mwaka 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha. Baba alilipandisha mlima Kitonga, njia ya Iringa, miaka zaidi ya ishirini akiwa na familia nzima na magunia ya mahindi. Kuchemsha si tabia yake. Likichemsha, kuna kitu kimeharibika, na kazi ya fundi ni kukitafuta.

Pasaka nikaondoka nalo kwenda Iringa. Mnaoijua Kitonga mnaijua: unapanda nyuma ya semi, gia namba moja au mbili, mwendo wa mtu anayetembea, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde. Upepo wa mwendo hakuna. Mshale ukapanda. Sitaficha kosa langu, niliendelea kupanda nikitafuta pa kuegesha, na pale hakuna pa kuegesha. Nilipopata sehemu, mvuke ulikuwa unatoka kila mahali. Mfuniko usiokaza ulizidisha hasara, kwa sababu mgandamizo ndio unaozuia maji yasichemke mapema. Kila psi moja, kipimo cha mgandamizo, inasogeza kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1.5, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka upesi. Iringa mjini, mita 1,600 hivi juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95.

Kulivuta mpaka mjini, 200,000. Asubuhi yake nilifungua rejeta injini ikiwa ya baridi, nikawasha, mapovu yakaanza kupanda hapo hapo bila kukoma. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda, na gesi ya injini inaingia kwenye maji. Hilo nililikubali.

Gereji ya pili ndiyo iliyoniua kabisa. Walitoa hedi, wakaipeleka kuchongwa, sawa. Lakini injini ya 504 ina slivu, yaani mitungi ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinazokaa ndani ya maji. Hazikubanwa kwenye bloku, hedi ndiyo inayozikandamiza, na chini kila moja ina sili inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Ukishatoa hedi unatakiwa uzibane slivu kwa vibano, na usizungushe krankishafti, ile shafti inayosukuma pistoni, kabla. Ukizungusha, pistoni inainua slivu, sili inahama, na hujui mpaka umefunga kila kitu. Nilimkuta kijana amechomeka spana kwenye puli anazungusha injini ili afute pistoni vizuri! Nikapiga kelele. Mwenye gereji akaniambia, "Bosi, tulia, kazi hii tunaifanya kila siku." Nikalipa 460,000 za hedi, gasketi na ufundi.

Siku ya pili nikavuta dipstiki. Oili nyeupe kama chai ya maziwa.

Jumla ni 1,190,000, na gari haliwezi kutembea. Nilipowarudia walisema labda bloku imepasuka, nitafute injini nyingine. Hakuna aliyepima. Hakuna hata aliyetaka kufungua sampu, karai la oili chini ya injini, aone maji yanadondokea wapi.

Jirani wa mjomba ni mzee, fundi mstaafu, 504 amezifanyia kazi tangu ujana wake. Alikuja kunipa pole tu. Akaniuliza, "Mwanangu, lilianza kuchemsha likiwa wapi?" Nikamweleza foleni ya Ubungo. Hakuongeza swali. Akavuta waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye waya wa feni, akasikiliza. Kimya. Akatoa kaboni: imelika mpaka mwisho, haigusi puli. Akachukua kaboni ya stata, akaichonga kwa tupa, akairudisha, akaunganisha waya. Feni ikadaka kwa mlio mmoja wa chuma. Kaboni ile ni 5,000. Nilimshukuru mzee, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu.

Mafundi mnaosoma humu, sisemi mjue kila gari lililotengenezwa duniani. Nasema mtuulize. Linachemsha limesimama au likitembea? Maji yanapungua au hayapungui? Mpira wa juu unakuwa mgumu dakika za kwanza, kabla injini haijapata moto? Geji yenyewe mmeihakikisha, au waya wa ardhi umelegea? Na muache kung'oa themostati na kujaza maji ya bomba. Hedi ya 504 ni aluminiamu na bloku ni chuma cha kusubu. Bila kulanti, dawa ya maji ya rejeta, kutu inaila taratibu na rejeta inaziba uchafu. Asubuhi za Iringa, bila themostati, injini inachelewa kupata moto na inakunywa petroli bila sababu.

Sasa nahitaji msaada. Natafuta seti ya sili za chini za slivu kwa injini hii ya cc 1971, pamoja na gasketi ya hedi, mpya, sio za kuchonga kwa karatasi. Aliyeziona Nairobi au Mombasa aniambie duka. Natafuta pia fundi mwenye vibano vya slivu, awe Iringa, Mbeya au Morogoro. Nauli na malazi ni juu yangu. Gari liko uani kwa mjomba, na mzee amesema atakuwepo siku ya kufungua.