Tupeane uzoefu: kichekesho gani cha siasa kilikufanya ucheke nusu?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu vichekesho vya siasa, vya kwenye TV au vya kwenye simu. Sitaki orodha ya vilivyochekesha sana, hizo tunazo. Nataka kile ambacho ulipokiona hukuweza tena kumtazama mheshimiwa fulani kama zamani, au kilichokupata wewe mwenyewe ukajikuta umenyamaza katikati ya kicheko.

Naanza. Mwaka 2009 nilikuwa Nairobi kwa kazi za ujenzi, The XYZ Show ikaanza kuonyeshwa Citizen TV. Vikaragosi vya mpira, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, kazi ya Gado, wakati huo mchora katuni wa Daily Nation, mzaliwa wa Dar es Salaam (tusimsahau, huyu ni wetu). Waingereza na Wafaransa walikuwa na vikaragosi vya aina hiyo tangu miaka ya 80, lakini kwetu kilikuwa kitu kipya kabisa.

Wakati ule ni serikali ya mseto, Kibaki Rais, Raila Waziri Mkuu, na damu ya baada ya uchaguzi haijakauka vizuri. Ploti tuliyopanga ilikuwa na watu wa kila kabila, na siasa ilikuwa haizungumzwi ngazini. Kipindi kikianza tunajazana kwa jirani mwenye TV kubwa, huyu anamcheka wa yule, yule anamcheka wa huyu. Taarifa ya habari ilituonyesha waheshimiwa wakipeana mikono na kukata utepe. Vikaragosi vilituonyesha wanavyovutana vyeo nyuma ya pazia, na sisi tuliotaka kutoana roho kwa ajili yao tumekaa kochi moja. Jirani mmoja alisema, "Kumbe hawa wanajuana!" Hakuna aliyemjibu.

Leteni zenu.

Bonde la Ufa

XYZ walikuta njia imeshafyekwa, ndugu yangu. Waliofyeka ni Redykyulass, vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are tuliyemzoea kama Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie. Moi bado yuko Ikulu, na KBC, kituo cha serikali, taarifa inafunguliwa na "Mtukufu Rais" hata kama siku hiyo alienda kanisani tu. Ukihamia Nation TV unamkuta kijana na rungu mkononi, sauti ya mzee yenyewe, mikwaruzo na yote.

Babangu alikuwa naibu chifu. Kipindi kikianza anainuka kufunga dirisha, anarudi kupunguza sauti, kisha anakaa. Hakuwahi kuzima. Alicheka kwa mabega, mdomo umefungwa, na sisi watoto tulikuwa tunatazama mabega yake kuliko runinga. Siku moja wakawaigiza wale maafisa wanaosimama nyuma ya Rais wakiitikia kwa kichwa na kucheka kabla mzaha haujaisha. Mabega yakatulia. Mamangu akauliza, "Mzee, huyo wa pembeni si ni wewe siku ya baraza la DC?"

Mzee akaomba chai. Hadi leo tukitaka kumchokoza tunaitikia tu kwa kichwa, anaelewa.

Na ili mjue Kenya ni Kenya, huyo Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017.

Kijiti

Mchekeshaji kaenda bungeni, wabunge wamekuwa wachekeshaji. Ngoma droo.

Dada wa Mapokezi

Mimi nilikuwa mapokezi kwenye ofisi moja ya umma, jina la ofisi niachieni. Miaka ile kila mtu alikuwa anafuatilia Ze Comedy, akina Joti, Masanja na Mpoki, wakiwa EATV na baadaye TBC, na kila kituo kikataka kuwa na kundi lake. Kundi dogo la mkoani kwetu likatoa igizo la mkuu wa idara anayefika saa mbili asubuhi, anatundika koti kwenye kiti, anaondoka kwenda kwenye mradi wake wa kuku. Mapokezi kuna dada mwenye kucha ndefu anayesema, "Ametoka kidogo, anarudi sasa hivi." Anasema hivyo hadi jua linazama.

Jamani. Kesho yake mwananchi wa kwanza tu ananiuliza, "Dada, leo yupo bosi au lipo koti?" Nikaangalia kucha zangu. Wiki nzima ni hivyo, mpaka walinzi getini wakawa wanaulizana habari za koti.

Msidhani ofisi ilitubu. Makoti yaliisha, hiyo ni kweli. Sasa ikawa miwani juu ya faili lililofunguliwa, na kalamu haina kifuniko. Ukichungulia dirishani unaapa mtu kaenda msalani.

Muha wa Kasulu

Nawasikia mnavyosifia, ila mimi nina donge. Hebu hesabuni maigizo yetu: mlinzi ana lafudhi ya Kigoma, dada wa kazi anatoka kijijini na hajui friji, mganga ni mtu wa bara. Mwenye kitambi na gari anaongea Kiswahili safi cha mjini, na yeye ndiye anayemcheka mlinzi. Nilipoanza chuo Dar, nikifungua mdomo darasani wenzangu wanadakia maneno ya mlinzi wa kwenye TV. Mwaka mzima nilijibu maswali kwa kifupi ili wasinisikie.

Mlinzi hawezi kukuita kituoni, ndiyo sababu anachekwa. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan aliweka picha ya utani aliyobadilishana sura na Rais Magufuli, siku ya kuzaliwa ya Rais. Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, akamtaka aripoti polisi. Mwaka mmoja kabla, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuwa zimeshataka leseni, na ada zake zote wakati ule zilifika kama shilingi milioni 2.1. Kijana mwenye simu moja na wigi la dada yake atachagua nini? Atamcheka Muha, hana gharama.

Bonde la Ufa

Muha, hilo la lafudhi hata huku lipo, kila kabila lina kazi yake kwenye maigizo. Ila msidhani sisi tumeshavuka. Kibet Bull, yule wa michoro ya kivuli ya Rais Ruto, alitoweka Desemba 2024, akapatikana Januari. Binti yangu alikuwa ameisambaza michoro ile kwenye grupu la familia. Babu yake, naibu chifu yule yule, alimpigia simu usiku kumwambia afute. Halafu akamwomba amtumie yeye kwanza.

Mleta mada

Hahaha, mzee hajaacha kucheka kwa mabega! Dada wa Mapokezi, usituache hewani. Ile miwani iliishia wapi?

Dada wa Mapokezi

Alikuja mzee wa mirathi, amezungushwa mpaka kachoka. Nikamwambia bosi ametoka kidogo. Akaingia mwenyewe, akaichukua miwani, akaivaa, akaenda kukaa kwenye benchi la nje anasoma gazeti. Nikampigia bosi. Alifika kabla mzee hajamaliza ukurasa wa michezo.