Noah inakula tairi moja la mbele kwa ndani: nianze na alaimenti, bushi au tairi mpya?

MamaWatatu
Wakuu, habari zenu. Nina Noah ya 2003, ile inayovutia mbele. Ni gari la nyumbani: watoto shule, kanisani, na Desemba tunapanda Moshi. Tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani tu. Ukisimama pembeni huoni kitu, kashata (meno ya tairi) zipo. Jana nikakata usukani wote kushoto, nikainama mbele ya gari, ndipo nikaona: ukingo wa ndani, upana wa vidole viwili, ni kipara na waya zimeanza kuchungulia. La kulia liko salama. Yote nilinunua siku moja, miezi minane iliyopita.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Fundi wa kwanza anasema alaimenti, yaani kupanga matairi yakae sawa, inatosha. Wa pili anataka nibadilishe bushi zote za mbele, ile mipira ya kwenye maungio. Jirani anasema ninunue tairi mbili nisahau. Hela haitoshi kwa yote kwa pamoja. Nianze na lipi?

FundiWaChini
Pole dada. Kwanza, tairi lenye waya nje halina mjadala. Funga tairi la spea leo, kabla watoto hawajapanda.

Sasa hapo uliposema la kulia liko salama, umenipa nusu ya jibu. Kama matairi ya mbele yametazamana kupita kiasi, au yamepeana migongo, huwa yanalika yote mawili, kwa sababu usukani unagawa kosa pande zote. Kulika moja tu, tena kwa ndani, maana yake tairi limelala: kichwa kimeingia kwenye gari. Mimi ningetafuta bushi ya mkono wa chini (chuma kinachoshika tairi na bodi), boli jointi (kifundo cha mwisho wa mkono huo), au shokapu iliyopinda. Na kushoto ndiko kwenye mashimo ya ukingo wa lami, sisi wote tunajua.

Pandisha gari, liweke juu ya stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, tikisa: likicheza, ni boli jointi au beringi. Shika kulia na kushoto, tikisa: likicheza, ni tairodi, fimbo ya usukani. Bushi haisemi kwa mkono, mpaka uitie mtaimbo uone mpira umechanika.

Kibaha_Dereva
Mkuu, hapo kwenye bushi nakupinga kidogo. Nilishabadilisha bushi nne kwa kuambiwa tu, na tairi likaendelea kuliwa. Kumbe shokapu ilikuwa imepinda. Dada, anza na mashine ya alaimenti, ila uwaambie wapime tu, wasiguse kitu. Omba karatasi yenye namba za kila tairi. Ukiwa nayo, fundi hakuuzii spea za kubahatisha.

FundiWaChini
Kupima kwanza, nakubali. Kurekebisha kwanza, hapana. Ukikaza alaimenti juu ya bushi iliyochanika, shimo la kwanza tu linakurudisha ulikotoka. Pia kwenye gari hili, mbele tairodi inarekebisha kutazamana tu. Kulala kwa tairi hakuna pa kurekebisha, isipokuwa mchezo mdogo wa zile boliti mbili zinazoshika shokapu chini. Kwa hiyo anayekwambia alaimenti itamaliza kila kitu, muulize atashika wapi.

Bi_Tanga
Mimi langu lilikuwa nyuma, mabonde mabonde kuzunguka tairi lote, na gari linavuma kama ndege. Shokapu zilikuwa zimekufa. Dada, pitisha kiganja juu ya kashata, huku na huku. Kukiwa laini ukienda na kunakwaruza ukirudi, alaimenti nayo imo. Upepo mdogo hula kingo zote mbili, mwingi hula katikati, kwa hiyo upepo mtoe kwenye lawama.

Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi kwa safari ya Moshi na watoto ndani, mtumba nisingefunga.

MamaWatatu
Nimerudi. Asubuhi nimepima bila kurekebisha. Karatasi inaonyesha kushoto tairi limelala digrii 2 na zaidi, kulia nusu digrii. Kutazamana kumepotea kidogo tu. Mchana gari likapandishwa, fundi akatia mtaimbo mbele yangu: bushi ya nyuma ya mkono wa kushoto imeachana kabisa na chuma chake, mkono unatembea kama mlango. Shokapu imenyooka.

Nabadilisha bushi za mikono yote miwili, kisha alaimenti, halafu mwisho wa mwezi tairi mbili mpya mbele. Hadi hapo tairi la spea linakaa kushoto na safari ni za shule tu. Bi Tanga, kiganja nimepitisha kwenye tairi la kulia: linakwaruza nikirudi.

FundiWaChini
Bushi zisikazwe gari likiwa limening'inia. Mwambie alishushe kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo akaze boliti. La sivyo mpira unajisokota na hautamaliza mwaka.