Vileja na biskuti za Idi bila ngano: zinamomonyoka na zina mchangamchanga, tatizo nini?

MamaWawili_Tanga
Assalaam aleikum wakuu. Idi inakaribia na nyumbani kuna mtoto mwenye siliaki, ugonjwa ambao gluteni (protini ya ngano) huudhuru utumbo, haruhusiwi ngano hata chembe. Nimetumia kipimo cha nankatai cha kawaida: unga 500 g, samli 250 g, sukari 250 g, yai moja, ila mahali pa ngano nikaweka unga wa mchele wa dukani. Zikiwa motoni zinatambaa, zikipoa zinamomonyoka mkononi, na mdomoni ni mchanga mtupu. Oveni ni ya gesi, haina kipimajoto. Nirekebishe wapi? Na zaidi ya biskuti, sinia niijaze nini?

Bi_Iliki
Waalaikum salaam, dada. Usihangaike kuigeuza nankatai. Fanya vileja, ambavyo tangu asili ni vya unga wa mchele.

Kumomonyoka na mchanga vyote chanzo chake ni ukosefu wa maji. Chembe ya mchele ni ngumu na hunywa maji polepole. Siagi ina maji kama asilimia 16, lakini samli karibu haina kabisa, kwa hiyo unga wako uliingia motoni mkavu, umepakwa mafuta tu. Gluteni ya kushikilia, ile ya kwenye ngano, haipo. Kinachobaki ni yai na wanga ulioiva, na wanga hauivi bila maji. Kutambaa ni jambo jingine: samli iliyoyeyuka, sukari nyingi ya chengachenga, au moto mdogo mno mwanzoni.

Kwa vileja kama 40:
– unga wa mchele laini 430 g
– wanga wa muhogo, au wanga wa mahindi ule mweupe wa kastadi, 70 g
– samli iliyoganda 230 g
– sukari iliyosagwa 200 g
– viini vya mayai 3 na ute wa yai 1
– maji ya mawaridi vijiko 2 vya chakula
– iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, hamira ya unga (beki pauda) kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo

Piga samli na sukari dakika 8 hadi 10 mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Hapo ndipo kileja kinapopata wepesi wake. Ukiharakisha, hamira haitakuokoa. Tia viini kimoja kimoja, kisha ute na maji ya mawaridi. Chekecha vikavu pamoja mara mbili, changanya kwa mkono bila kukanda sana. Finya donge: likipasuka na kumwagika, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja cha chakula, kwa kawaida viwili vinatosha. Funika, acha saa 1 ili unga unywe. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu wanalaumu unga.

Viringisha madonge ya 25 g, bonyeza kidogo kwa kidole, weka nukta ya zafarani iliyoloweshwa, acha nafasi ya sentimita 3. Trei ikae kwenye friji dakika 20. Oka nyuzi 165 hadi 170 kwa dakika 18 hadi 20. Kileja hakigeuki rangi: juu kipasuke kikiwa cheupe, chini kiwe na wekundu hafifu tu. Usikiguse kikiwa cha moto, maana kitavunjika hata kama kila kitu umefanya sawa. Kiache kwenye trei dakika 15.

Kuhusu kipimajoto: weka kijiko cha sukari kwenye karatasi ya alumini ndani ya oveni kwa dakika 15. Sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186. Ikiyeyuka, punguza moto.

JikoLaPwani
Nakubaliana na Bi Iliki isipokuwa kwenye wanga. Unga ukiwa laini kweli, 500 g za mchele mtupu zinatosha, na ladha inakuwa ya vileja hasa. Wanga mwingi unavifanya viwe vikavu kama chaki siku ya tatu. Ila unga wa dukani mara nyingi ni wa chengachenga, na hapo wanga unasaidia.

Kupata unga laini: osha mchele, loweka saa 6, chuja, tandaza kwenye kitambaa kivulini hadi punje ipondeke kwa kucha, saga, chekecha kwa chekeche la matundu madogo. Zinazobaki juu zirudishe kwenye blenda. Unga huu bado una unyevu kidogo, kwa hiyo usiongeze maziwa kabla ya kufinya donge.

Unga wa muhogo wa ugali usiutumie kama wanga. Una nyuzi, na ule uliovundikwa una harufu ambayo iliki haiifuniki.

UngaSafi
Mapishi yameelezwa vizuri, lakini kwa mtoto wa siliaki kazi kubwa iko kabla ya kuwasha moto. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Vumbi la ngano kwenye chekeche linaweza kukivuka.

Mashine ya mtaani inayosaga ngano asubuhi na mchele mchana haifai, hata fundi akiipangusa. Saga nyumbani kwa blenda iliyooshwa. Chekeche, mwiko wa mbao, kibao cha kusukumia na kinu havisafishiki vya kutosha. Nunua vingine, vitie alama. Trei zitandike karatasi mpya. Kama mtapika maandazi na visheti kwa ajili ya wageni, vileja vitangulie siku moja kabla, viwe vimeshafungwa kwenye bati. Unga wa ngano ukimwagwa huelea hewani na kutua juu ya kila kitu. Na mafuta yaliyokaangia kaimati yasikaangie chochote cha mtoto.

Soma pakiti: semolina ni ngano, msidanganywe na rangi yake, baadhi ya mapishi ya vileja huitia ili kuongeza ukavu. Beki pauda nyingine zina wanga wa ngano. Kimea cha kwenye pakiti mara nyingi ni cha shayiri, nayo ina gluteni. Oti tumia zile tu zilizoandikwa hazina gluteni, tena baada ya kumuuliza daktari. Halua ya kununua ulizia wanga uliotumika, kuna wapishi wanaotumia wa ngano.

Kwa sinia: kashata, labania ya maziwa, tende zilizojazwa lozi, mkate wa kumimina. Vyote havihitaji ngano.

JikoLaPwani
Kashata ya nazi, kwa sababu wengi huikosea: sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, chemsha bila kukoroga mpaka tone likivutwa kati ya vidole litoe uzi. Tia nazi iliyokunwa vikombe 2 na iliki, sasa koroga mfululizo hadi iachane na sufuria. Mimina kwenye sinia iliyopakwa samli, kata ingali vuguvugu. Ukikoroga shira mapema, sukari inarudi kuwa chenga na kashata inakuwa unga. Ya nazi mbichi iliwe ndani ya siku 2 au 3.

Kijana_Likoni
Shukran kwa darasa. Vipi kwa mtu wa jiko la mkaa, na mgeni ambaye hali mayai?

Bi_Iliki
Mkaa: sufuria nzito, mchanga mkavu sentimita 2 chini, juu yake kiegemeo na trei. Pasha dakika 15 kabla. Theluthi ya mkaa iwe chini, theluthi mbili juu ya mfuniko, na makaa yawe yameshika majivu. Yakiwa mekundu yanayowaka, chini vitaungua kabla ya juu kupasuka. Chungulia dakika ya 15, si kabla.

Bila mayai, pika uji mzito wa wanga: kijiko 1 cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye maziwa 100 ml, koroga mpaka uwe kama gundi. Upoe kabisa, kisha uingie mahali pa mayai. Ukiwa wa moto utayeyusha samli na vileja vitatambaa. Wanga huo umeshaiva, kwa hiyo unashika vizuri, ila vileja vitakuwa vigumu zaidi kidogo. Punguza sukari hadi 180 g na usivioke zaidi ya dakika 18.